Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Masazo ya mashambani yapate njia ya kuwafikia wenye njaa

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mratibu wa kikundi kidogo cha watu wa kujitolea ambao, kwa ruhusa ya mwenye shamba, huingia shambani baada ya mavuno, wakaokota mazao yaliyoachwa na kuyapeleka katika vituo vinavyolisha wasio na chakula. Kazi hii ni ya kale: sheria ya Musa ilimkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake au kuokota masazo, kwa kuwa hayo yalikuwa fungu la maskini na mgeni. Ombi langu ni kwamba Wizara yako isaidie kuviunganisha vikundi vyetu vilivyotawanyika viwe mtandao mmoja wa ushirika.

Niruhusu nieleze tukio lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Alhamisi mkulima mmoja alitupigia simu akisema mnunuzi wake amezikataa karoti za shamba zima kwa sababu nyingi zilikuwa zimepinda au zimeota miguu miwili, na kwamba Jumatatu trekta lingepita kulima upya. Tulifika Jumamosi tukiwa watu 9 na kreti 40. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Ukishika majani na kuvuta, karoti inatoka nzima, ngumu, haina doa. Kabla ya adhuhuri kreti zote zilikuwa zimejaa, na hatukuwa tumemaliza hata robo ya matuta. Baadaye tukaja kufahamu kwamba kikundi kingine kilikuwa na lori lililoshinda bure siku hiyo, na kwamba kituo kimoja cha kulelea watoto kilikuwa na nafasi katika chumba chake cha baridi lakini hakikujua kama tupo. Jumatatu trekta likapita. Karoti zilikuwepo, lori lilikuwepo, walaji walikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyeviona vyote kwa wakati mmoja.

Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani, kwa thamani yake, hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Karoti zile hazimo katika hesabu hiyo, maana hazikuwahi kuvunwa.

Tunapendekeza ushirika, ambamo wakulima, waokotaji, wenye magari na vituo vinavyopokea chakula watakuwa wanachama, kila mmoja na kura yake, kwa sababu kazi hii inasimama juu ya kuaminiana. Mkulima aliyeahidiwa watu Jumamosi wasitokee hatapiga simu tena, na ana haki. Ushirika ukiwa na namba moja ya simu, kreti za pamoja na ratiba inayoonwa na wote, vikundi viwili havitagongana katika shamba moja huku shamba jingine likioza. Wapo wakulima wanaohofu kwamba chakula cha bure kitashusha bei sokoni, na hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana tunataka masharti ya chama yatamke wazi kwamba masazo hayauzwi kamwe, na yanakwenda kwa wasio na uwezo wa kununua tu.

Lakini kuna jambo ambalo ushirika hauwezi kujifanyia wenyewe, nalo ni sheria. Wenye mashamba wengi hutukatalia si kwa uchoyo, bali kwa kuogopa kushtakiwa iwapo mwokotaji ataumia shambani mwao au mlaji ataugua. Marekani ilishughulikia hofu hiyo mwaka 1996 kwa sheria ya nchi nzima inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema, na pia mwenye ardhi anayewaruhusu waokotaji kuingia, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa au kusudi la kudhuru. Tunakuomba upeleke bungeni muswada wenye kinga ya namna hiyo. Kinga isiwe kisingizio cha kugawa vilivyooza. Mpaka huo uandikwe humohumo.

Wakati muswada unasubiri zamu yake, yapo yanayowezekana kwa waraka tu. Maafisa ugani, ambao ndio wa kwanza kujua shamba gani limekosa mnunuzi, waagizwe kutuarifu siku hiyohiyo, kwa kuwa mboga za majani hazingoji wiki. Maghala ya baridi ya umma yenye nafasi yatufungulie milango. Na Wizara igharimie mshahara wa mratibu mmoja kwa misimu 3 ya mwanzo, kwani simu ya mkulima haiwezi kusubiri mtu wa kujitolea atoke kazini.

Rasimu ya masharti ya chama iko tayari. Tunaomba nafasi ya kuiwasilisha ofisini kwako kabla ya msimu ujao wa mavuno, tukiwa pamoja na yule mkulima wa karoti, ambaye amekubali kuja kueleza mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mratibu wa kikundi cha waokota masazo