Mpira wa shingoni unatuumizia wagonjwa

Mhariri, mama yangu figo zimeshindwa kazi, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila akienda, na ule mpira wa shingoni, yaani bomba la kupitisha damu kwenda kwenye mashine na kurudi, waliosema ni wa muda tu sasa unaingia mwezi wa nane. Juzi mashine imewashwa tu akaanza kutetemeka, meno yanagongana, homa juu, kumbe bakteria wameingia kwenye damu kupitia huohuo mpira. Tafiti zimeonyesha miaka mingi kwamba fistula ya mkononi, yaani mshipa wa vena (unaorudisha damu moyoni) unaunganishwa na ateri (inayotoa damu moyoni) ili sindano za mashine zichomwe hapo, ina maambukizi machache zaidi kuliko mpira, ila inataka wiki kadhaa kukomaa, sasa mbona hatukuambiwa mapema jamani? Wizara ituletee madaktari wa upasuaji wa mishipa huku mikoani, tunaomba sana.