Kabla hamjamkata mtu siku kwa jasho, mpeni maji ya kuoga

Mhariri, assalaam alaykum. Nakuomba nafasi niseme hili la kikwapa makazini maana huwa linazungumzwa pembeni tu na kwa kucheka, na wanaoumia nalo hawacheki. Kwenye hoteli nnayofanya kazi, huku kusini ya Unguja, imebandikwa notisi mlango wa stafu kwamba yeyote atakaekutwa ananuka jasho atarudishwa nyumbani na siku ile hailipwi. Nimewauliza wenzangu wa hoteli nyengine wakanambia na wao wanazo, nyengine za maandishi nyengine za mdomo tu wa sapuvaiza.

Sipingi usafi, hilo lijulikane. Sie tumelelewa na udi na asmini, nguo zinafukizwa kwenye chetezo, bi harusi anasingwa mpaka anang'ara, hakuna Mzanzibari wa kumfundisha harufu nzuri. Na mtu akipanda gari ya Bububu saa tisa mchana, kaskazi imepamba moto, watu wamebanana, halafu mwenziwe kashika bomba la juu na kwapa liko usoni kwake, ile ni adha na mwenye kuudhika ana haki. Mgeni anaeletewa chai mezani ana haki pia. Kanuni iwepo, mie nasema mzigo wake wote kabebeshwa mtu mmoja tu, alo chini kabisa.

Kuna dada mmoja wa usafi wa vyumba tunafanya nae kazi. Anatoka kwao alfajiri, anapanda gari mbili, akifika keshatota kabla kazi haijaanza. Anatandika vitanda, anasugua vyoo, anabeba mashuka ngazi juu ngazi chini kwenye vyumba ambavyo kiyoyozi kinazimwa mgeni akishatoka. Sare tumepewa moja. Usiku anaifua, mvua ya masika haikatiki kwa hivo anaianika ndani mbele ya feni, umeme ukizimika ndo asubuhi anaivaa mbichi na nguo mbichi inavunda, kila alowahi kufua anajua. Uvundo ule ndo ulomfanya arudishwe getini. Nimeiona ile sare kwa karibu, ni poliesta, mgongoni ina mistari myeupe ya chumvi na kwapani kitambaa kimegeuka manjano na kukakamaa, hata uifue mara mbili kwa sabuni ya mche haitoki. Bafu la stafu limefanywa stoo ya viti vya ufukweni vilovunjika, kilobaki ni choo chenye pipa na kopo, na pipa mara nyingi tupu. Bwawa la wageni halijapungua maji hata siku moja.

Watu waelewe pia harufu inatoka wapi. Jasho lenyewe likitoka karibu lote ni maji na chumvi, halinuki. Lakini kwapani na kinenani kuna tezi za namna nyengine zinazoanza kazi mtu akibaleghe, zinatoa jasho zito lenye mafuta na protini, na bakteria ambao wapo kwenye ngozi ya kila mtu, bosi na mfanyakazi, wakilila hilo ndo harufu inazuka. Huku kwetu hewa yenyewe imejaa unyevu jasho halikauki, na poliesta inashika harufu kuliko pamba. Mtu anahitaji kuoga, kujikausha na kubadilisha nguo, basi. Bibi zetu walipaka shabu kwapani na ilikuwa inasaidia khasa, shabu ni chumvi ya aluminiamu, jamaa moja na kile kinachotiwa kwenye dawa za kuzuia jasho za madukani, na bei yake haimshindi mtu. Lakini shabu unaipaka kwenye kwapa safi, na usafi unataka maji.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu walikuwa wakija kusali Ijumaa kutoka viungani mwa mji wakiwa na vumbi na jasho la kazi mpaka harufu inawatoka, na Mtume (s.a.w.) alichosema ni kuwa lau wangejitwaharisha kwa siku hiyo. Kauli laini namna hiyo. Aloambiwa asisogelee msikiti ni yule alokula kitunguu thomu, na thomu mtu hula kwa hiari yake, jasho la kubeba mashuka si hiari ya mtu.

Nchi za watu nako wameshajaribu. Morristown, New Jersey, kule Marekani, maktaba ya mji iliweka kanuni ya kumtoa mtu ambae harufu yake inawasumbua wengine, bwana mmoja asie na makaazi, Richard Kreimer, akaishitaki, na 1992 mahakama ya rufaa ikasema maktaba ina haki. Honolulu nako 2009 baraza la mji lililetewa mswada wa faini mpaka dola 500 kwa mtu anaenuka ndani ya basi. Tizama anaenaswa na kanuni za namna hii ni nani, ni yule asie na bafu.

Na wapo wagonjwa. Kuna maradhi ambayo mwili unashindwa kuvunja kitu kinachotokana na vyakula kama samaki na mayai, mtu ananuka kama samaki hata akioga mara tano kwa siku. Mtu kama huyo utamkata siku ngapi? Anaestahiki kuambiwa aitwe pembeni kwa staha, mwanamke aambiwe na mwanamke mwenziwe, asisemwe mbele ya watu pale getini kama alivosemwa yule dada, maana alilia na kesho yake akaja kajimiminia pafyumu mpaka mpishi mwenye pumu akawa anakohoa.

Waajiri, tunataka sare tatu za pamba kwa kila mtu na bafu la stafu lenye maji. Mashine za kufulia wanazo, zinafua taulo za wageni kutwa, na sare zetu ziingizwe humo humo jioni tukitoka. Sheria ya usalama na afya kazini tunayo hapa Zanzibar, namba 8 ya 2005, kwa hivo wakaguzi wakija wasiishie mapokezi na jikoni, waombe kuoneshwa choo cha stafu na bomba walifungue wenyewe.

Msomaji wako, mfanyakazi wa hoteli,
Kusini Unguja
(jina naomba lihifadhiwe)