Somo, MKONGE haukuwa na kosa

Ngamiani, Tanga

Somo yangu,

Barua yako nimeipata, na salamu za Bagamoyo nimezifikisha kwa mama. Sote wazima. Ila neno moja limenikaa rohoni: yule kijana wako wa darasa la Jumamosi kukwambia Kiswahili hakifai kwenye kompyuta, eti kila akitumia jina la Kiswahili programu inagoma. Mwambie mie nimepita hapo hapo alipo, na kosa si la Kiswahili.

Unaikumbuka ile programu ya kuiga Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani, uliyonipa kwenye flashi? Jioni moja nilikaa nayo na mtoto wa dada, tukitaka kutunga hesabu ya mkonge uliomo ghalani. Mstari wa 20 tukataka uwe na sanduku la namba liitwalo MKONGE, ndani mna 150. Akaandika:

20 MKONGE=150

Akaandika RUN, amri ya kuendesha programu. Jibu: ?SYNTAX ERROR IN 20, yaani kosa la uandishi mstari wa 20. Tukaita LIST, amri ya kuonyesha mistari, mstari ukatokea vile vile, kila herufi mahali pake. Akauandika upya kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila herufi kwa sauti. Kosa lile lile. Nikamwambia nyuzi za mkonge zina majina mengine, weka KATANI. Ikagoma. Weka SINGA. Ikagoma. Mtoto wa watu akanyamaza kabisa, na mimi iliniuma, maana nilijua anaanza kufikiri kama huyo kijana wako.

Sababu yake ni hii. Mashine ile ilitoka mwaka 1982, na ikiwashwa inakuachia baiti 38,911 tu za kuandikia BASIC, lugha yake ya kutungia programu. Ili kubana nafasi, ukishabonyeza RETURN inaupitia mstari kutoka kushoto, na kila inapokuta neno lake yenyewe, la amri au la hesabu, inaliweka kama namba ya baiti moja. Haijali kama neno hilo limesimama peke yake au limo tumboni mwa neno jingine. Ndani ya MKONGE ikaona ON. Ndani ya KATANI ikaona TAN, na ndani ya SINGA ikaona SIN, zile za hesabu za pembe. LIST inazirudisha namba kuwa herufi, ndiyo maana kwa macho huoni kitu. Tulipoandika ROBOTA ikapita, na mtoto akaruka.

Baada ya hapo tukazipima wilaya zetu. TANGA yenyewe ina TAN! HANDENI ina AND, KOROGWE ina OR, LUSHOTO ina TO. Muheza, Pangani, Mkinga na Kilindi ni salama. MAPOKEZI ina POKE, MZIGO ina GO, SIFURI ina IF. Linalonitia hofu zaidi ni mtu akiandika PRINT KOROGWE: hapo hakuna kosa linalotajwa. Mashine inasoma K OR OGWE, yaani majina mawili, K na OGWE, yaliyounganishwa na neno lake OR, inayakuta yote mawili matupu, inaandika 0. Mtoto ataiamini ile 0.

Sasa nisikilize kwa hili la pili, somo, maana ndilo linalotugusa sisi hasa. Mashine hiyo inazitambua herufi mbili za mwanzo za jina, basi. Na kwetu herufi mbili za mwanzo mara nyingi ni kiambishi cha ngeli! MAUZO, MATUMIZI, MADENI, kwake yote ni MA, sanduku moja. Tuliweka MAUZO=9000, kisha MATUMIZI=4000, tukatoa moja kwa jingine, tukapata 0. Hakuna kosa lililotajwa, ila faida ya siku nzima imepotea. Dawa tuliyoipata ni kuvua ngeli na kubaki na shina: UZA, TUMIA, DENI. Kwa MAPATO uwe mwangalifu, kwani ukiyavua unabaki na PATO, na TO bado imo. Andika PATA.

Walioitunga BASIC pale chuo cha Dartmouth, Marekani, Kemeny na Kurtz, hawakuwa na mtego huu. Programu ya kwanza ilikwenda tarehe 1 Mei 1964, siku tano tu baada ya Muungano wetu, na jina la namba lilikuwa herufi moja, au herufi na tarakimu moja. Majina 286 kwa jumla. A1 haigombani na neno lolote, lakini nayo haikwambii kitu. Mie sitaki watoto warudi huko. Nataka mtoto aandike DENI na akisoma wiki ijayo aone deni.

Kama darasani kwako kuna GW-BASIC, ile BASIC ya Microsoft ya kompyuta za PC, wahamishie huko. Jina linakubali hadi herufi 40 na zote zinahesabiwa, MKONGE unapita, MAUZO na MATUMIZI hayagongani. Kinachokatazwa ni neno zima, kwa hiyo wakataze kufupisha ongezeko kuwa ON au tofauti kuwa TO.

Mwambie kijana anakili programu yake yote kwenye karatasi, mistari na namba zake, umpe dada. Anapita Bagamoyo mwisho wa mwezi akitoka Dar. Nitaizungushia kalamu nyekundu kila neno lililojificha na kumrudishia mwenyewe, pamoja na machungwa ya Muheza kwa darasa zima.

Ni mimi somo yako