Risala ya Wasusi wa Ukindu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Mwasisi Wetu, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, watoto na wajukuu wa marehemu, mabibi na mabwana, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kumkumbuka pamoja nasi mama yetu mwasisi. Kikundi hiki alikianzisha chini ya mwembe wa nyumbani kwake, na mpaka leo tunasukia hapo hapo. Alitufundisha kukata kuti changa la mkindu, mti unaotupa ukindu, kabla halijafunguka, na kuacha jingine ili mti usife. Alitufundisha kuanika, kuchana, kuchemsha rangi, kusuka ukili, yaani mkanda mrefu wa ukindu, na kuushona kuwa kikapu. Ushonaji mbaya aliufumua mbele yako, kisha akakuketisha ubavuni mwake mkaanza upya.

Mafanikio ni mengi. Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, sisi tulikuwa na vikapu tayari. Leo vinauzwa katika masoko ya Kiboriloni na Mbuyuni, watalii wanaoshuka Mlima Kilimanjaro wanavinunua, na jina la kijiji chetu limevuka mipaka ya nchi. Wanachama wamesomesha watoto kwa ukili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, tuna tatizo moja, nalo ni kukosa banda.

Ukindu ni mali ya jua. Ukinyeshewa kabla haujakauka, unaingia ukungu na madoa meusi ambayo hata rangi haiyafichi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tunakimbizana na mawingu: tunaanika, tunaanua, tunajaza mafungu vyumbani tunakolala na watoto. Mengi huishia kutupwa. Oda kubwa tunazikataa, kwa kuwa hatuwezi kumwahidi mteja kitu ambacho mvua ya usiku mmoja inakiharibu.

Tunafahamu kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri na tunaushukuru. Lakini mkopo wa kununua ukindu utakaooza utatuachia deni tu. Tupate paa kwanza, mkopo tutaufuata wenyewe.

Eneo lipo, familia ya marehemu imetupatia kwa maandishi. Msingi tumechimba, mawe na mchanga tumesomba kwa vichwa vyetu. Tunaomba mabati 40 ya geji 28, mifuko 50 ya saruji na mbao za kuezekea.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Limesomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, likapokelewa kwa maneno mazuri, nasi tukapiga vigelegele. Barua za kukumbushia tuliandika, na nakala tunazo. Kila tulipokutana, mama yetu aliuliza kama majibu yamekuja. Amefariki akiwa bado anauliza.

Hatuyasemi haya kumlaumu mtu yeyote. Tunayasema kwa heshima kubwa tuliyo nayo kwako, na kwa sababu masika hayako mbali. Chochote utakachotujalia leo, kikubwa au kidogo, tunaomba ukitaje pamoja na tarehe ya kukipokea na jina la mtu wa kumfuatilia. Katibu wetu ameketi kulia kwako na daftari.

Tunaomba kuwasilisha.