Matambara ya linsidi hujiwasha yenyewe

Mhariri,

Karakana ya seremala ikiungua usiku, neno la kwanza ni hitilafu ya umeme. Tunaomba na pipa la matambara litazamwe. Mafuta ya kitani ya kupaka mbao kwa tambara, ambayo mafundi tunayaita linsidi, huweza kuwasha moto bila kiberiti wala cheche.

Linsidi haikauki kama maji. Hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani, na kunyonya huko hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo hupotea bila mtu kulihisi. Lakini tambara la pamba lililolowa, likifinyangwa na kutupwa juu ya mengine kumi, hewa hupenya ndani na joto hukosa pa kutokea. Joto likipanda, mafuta huzidi kunyonya, na baada ya saa kadhaa katikati ya rundo huanza kufuka moshi. Saa hizo watu wameshafunga na kwenda zao. Linsidi ya kuchemshwa ni hatari zaidi, maana hutiwa viambato vya kobalti au manganizi ili ikauke upesi.

Huko Philadelphia, Marekani, tarehe 23 Februari 1991, matambara ya namna hii yaliyoachwa ghorofa ya 22 yaliwasha jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38. Askari watatu wa zimamoto walikufa.

Basi kabla ya kufunga, yaanikeni matambara moja moja kwenye waya, nje kivulini, bila kupandana. Tambara likishakakamaa kama ngozi kavu ndipo litupwe. Huchukua siku moja au mbili, na zaidi wakati wa masika. Pasipo nafasi nje, yazamishwe katika ndoo ya bati yenye maji na mfuniko. Msiyatie kwenye mfuko wa plastiki wala kuyatupa kwenye pumba za mbao: pumba zilizomwagikiwa linsidi nazo hupata moto vivyo hivyo.

Rundo likiwa na uvuguvugu au harufu kali ya mafuta yanayoungua, msilipekue. Hewa mpya ikiingia, kinachofuka hulipuka ndimi za moto. Limwagieni maji mengi palepale, kisha litolewe nje.

Matambara ya gereji yenye oili ya injini au dizeli hayajiwashi kwa njia hii, ingawa yakipata cheche yanawaka vizuri tu. Mafuta ya alizeti na ufuta ndiyo ya kuangaliwa, maana nayo hunyonya oksijeni kama linsidi. Madobi wa hoteli, taulo za masaji zenye mabaki ya mafuta hayo zikitoka kwenye mashine ya kukaushia, zitandazwe zipoe kabla ya kukunjwa.

Mafundi samani,
Keko, Dar es Salaam