Komenti ibaki kwenye simu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno "kukomenti", ambalo limetoka chini ya picha za mtandaoni likahamia vinywani. Sasa waziri "amekomenti", kocha "amekomenti", hata jirani wa marehemu "amekomenti" msibani. Kwenye simu sina ugomvi nalo: mtu akiandika mistari miwili chini ya picha, hiyo ni komenti na kila mtu anaielewa. Ila maneno yakitoka mdomoni, Kiswahili kina vitenzi vinavyoeleza hata namna yalivyotoka.

Mwandishi ajiulize kwanza: msemaji aliulizwa, au alisema mwenyewe? Aliyeulizwa amejibu. Aliyepewa zamu kikaoni amechangia, kama wabunge wetu wasemavyo kila siku. Aliyesema kabla mwenzake hajamaliza amedakia. Aliyepenyeza neno katika mazungumzo ya wengine bila kuyakatiza amechomekea. Na aliyemlenga mtu bila kumtaja amerusha kijembe.

Penye makosa mengi ni kugusia na kudokeza. Anayegusia anataja jambo juu juu, hata kama wote wanalijua. Anayedokeza anatoa kipande cha habari ambacho wasikilizaji hawakuwa nacho, na kingine anakiweka. Kocha akisema kwa kifupi kwamba uwanja ulijaa matope, amegusia hali ya uwanja. Akisema kuna mshambuliaji yuko njiani, jina asitaje, amedokeza usajili. Ukiandika "amekomenti" kote kuwili, msomaji hajui wapi kuna habari na wapi hakuna, na habari ndiyo aliyoinunulia gazeti!

Kuropoka kuna hatari yake. Kitenzi hicho kinamhukumu msemaji kwamba hakufikiri, kwa hiyo kinafaa katika safu ya maoni, si katika habari ya ukurasa wa kwanza.

Nao wanaoandika "amekataa kukomenti kwa kuwa kesi iko mahakamani" wana kitenzi tayari: amekataa kuizungumzia. Hakipungukiwi na chochote.

Najua wahariri watasema "kutoa maoni" ni ndefu kwa kichwa cha habari. Ni kweli, "atoa maoni" inakula nafasi 10. Lakini "akomenti" ina herufi 8, "adokeza" 7, "agusia" na "adakia" 6 kila moja. Isitoshe, kudokeza kunazaa dokezo, kudokezwa, kudokezea na kudokezana, vyote vinaeleweka papo hapo. Sema "amenikomentia", uone kazi ya kueleza kama ameandika kwenye picha yangu au amesema kwa niaba yangu.

Ombi langu ni kwamba kurasa za michezo ndizo zianze kuliacha, maana huko ndiko ninakokutana na neno hili mara nyingi zaidi, tena mara mbili tatu katika habari moja.

Msomaji wenu,
Tanga