Habu ya USB ijaribiwe matundu yote yakiwa kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna habu za USB za kompyuta mpakato, yaani vifaa vinavyogeuza tundu moja la kompyuta kuwa matundu kadhaa, zinavyojaribiwa na wanaowashauri wasomaji kifaa cha kununua. Mara nyingi mjaribu huchomeka flashi katika tundu moja, akaona inasomeka, akahamia la pili, kisha akaandika kwamba matundu yote ni mazima. Jaribio hilo halimsaidii mnunuzi, kwani hakuna anayenunua habu ili atumie tundu moja moja.

Vifaa vyote vilivyochomekwa kwenye habu hutegemea waya mmoja unaoingia kwenye kompyuta, na hugawana kasi na umeme wake. Gigabiti 5 kwa sekunde za USB 3.0, toleo la USB lenye kasi kuliko la 2.0, ni za habu nzima, wala si za kila tundu. Na umeme ambao tundu la kawaida la aina hiyo hutakiwa kutoa ni miliampea 900, yaani wati 4.5 tu kwa volti 5. Diski mbili za nje zenye sahani za kuzunguka zikifanya kazi pamoja kwenye habu isiyo na chaja yake, moja yaweza kuanza kugonga-gonga, ikatoweka kwenye skrini, ikarudi, na faili lililokuwa likinakiliwa likaharibika. Hilo ndilo mnunuzi anapaswa kuambiwa kabla hajatoa fedha yake.

Kwa hiyo mjaribu aunganishe skrini, chaja, diski na kipanya kwa wakati mmoja, kisha anakili faili la gigabaiti nyingi, kwa kuwa faili dogo humezwa na kumbukumbu ya muda ya kompyuta na kuonyesha kasi isiyo ya kweli. Kunakili kukiendelea, achomoe chaja na kuirudisha, kwa sababu zipo habu ambazo hapo hukata mawasiliano kwa nukta chache, na kwa diski inayoandikwa nukta hizo ni hatari. Jaribio hili afanye kwa faili asilolihitaji.

Kuhusu skrini, haitoshi kuandika kwamba habu inatoa picha ya 4K, yaani picha kali sana. Aseme kama picha hubadilika mara 30 au mara 60 kwa sekunde, maana kwa mara 30 kishale cha kipanya huonekana kikirukaruka, na ataje kompyuta aliyotumia, kwani matokeo hutegemea pia tundu lake. Vilevile USB 3.0 hutoa mwingiliano wa redio karibu na gigahezi 2.4, masafa yanayotumiwa na vipanya vingi visivyo na waya. Kipanya kikisitasita, kipokezi chake kisogezwe mbali na diski kabla kipanya hakijalaumiwa.

Ninaomba ukurasa wenu wa teknolojia, kila unapopima habu, uandike ni vifaa gani vilichomekwa pamoja, kwa muda gani, na gamba lake lilipata joto kiasi gani.

Msomaji wenu